Ngano Fupi ya Kamyshnaya

Kamyshnaya, 9 Juni 1937

Kwa Varvara Platonovna, huko Leningrad.

Nakuinamia mpaka chini kama ilivyo ada, kisha nanyooka, maana mgongo wangu bado unanyooka, si kama wa hawa wenzangu. Mimi ni mzima. Ngano yako ni nzima kuliko mimi. Shamba la wajukuu limeota bila pengo, kila mmea na nafasi yake, na wapita njia wanasimama kuuliza nani amepanda. Nawajibu.

Tumeletewa mkurugenzi mpya wa kituo chetu cha mbegu, Ndugu Tsvirko, kijana wa buti zinazolia. Siku ya kwanza aliniuliza, "Babu, wewe hapa kazi yako nini?" Nikamwambia, "Kuwaonyesha wakurugenzi wapya choo kiko wapi." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliniuliza jina langu, la baba yangu na la ukoo, akayarudia polepole kama mtu anayeonja supu.

Usihofu, nimemweleza kazi yetu yote, tena kwa mpangilio. Nikamwambia: huyu Varvara Platonovna alikuja hapa msichana wa kusuka nywele, kabla ya vita na Wajerumani, na maprofesa wenye ndevu walikuwa wakimcheka. Akachukua ngano ndefu akaiozesha na ngano fupi. Watoto wote wakatoka warefu. Maprofesa wakasema, umeona, ufupi umekufa. Akasema, ngojeni. Akawapanda watoto wale, na wajukuu walipotoka, robo yao walikuwa wafupi kama babu yao. Ufupi haukufa, ulijificha ndani ya mbegu. Na nani alishika kamba siku ile ya kupanda? Mimi Nikifor.

Tsvirko akasema, "Hicho kilichojificha ndani ya mbegu, umekiona kwa macho yako?"

Nikamwambia, "Hata bibi yako sijamwona, lakini wewe si huyu hapa."

Akasema sayansi mpya imekwisha kuamua kwamba hakuna kinachojificha. Mmea ni malezi. Ukiulisha unarefuka, ukiunyima unafupika. Nikamwambia mimi nimelishwa vizuri jeshini na sikurefuka hata kidogo.

Lev Osipovich, mwenzako wa kazi, mbona hajibu barua zangu? Aliacha koti lake hapa mwezi wa nne, lile la manyoya ndani. Panya wameanza kulitazama. Mwambie asidhani watu wa Kamyshnaya ni wezi.

Nikifor Savvich Chebotar, ambaye bila yeye kituo hiki kingekuwa malisho ya mbuzi.


Leningrad, 21 Juni 1937

Mzee wangu Nikifor Savvich,

Asante kwa habari. Usimwandikie tena Lev Osipovich. Amesafiri. Chumba chake kimefungwa na mlangoni wameweka lakiri. Koti lake litunze.

Mwanzoni mwa Agosti, kabla ya mavuno, tume itakuja Kamyshnaya kuangalia shamba la wajukuu. Nataka wageni hao walikute shamba katika hali yake. Wewe unajua la kufanya kuliko mtu yeyote.

Najua unapenda kuandika kwa urefu, na mimi napenda kukusoma. Lakini kwa sasa niandikie habari za mvua tu. Mvua na afya yako, basi. Na Ndugu Tsvirko ni mtu mwenye shughuli nyingi, usimchoshe kwa maelezo.

V. Rudneva


Kamyshnaya, 24 Julai 1937

Varvara Platonovna, mama,

Mvua imenyesha. Hiyo imekwisha, sasa nakuja kwenye mambo.

Umeandika kwamba mimi najua la kufanya kuliko mtu yeyote. Barua hiyo nimeisoma dukani kwa sauti, mbele ya foleni ya mafuta ya taa, na pale penye neno hilo nimerudia ili waliokuwa nyuma nao wasikie. Mama Ustinya akasema, "Rudia tena, labda ng'ombe wa ng'ambo hawajasikia." Wivu huo.

Nimefanya la kufanya. Unajua kwetu wageni wa posa wakija, dada mfupi mwenye makengeza anawekwa nyuma ya jiko na kupewa mbegu za alizeti atafune mpaka wageni waondoke. Shamba lako nimelitendea hivyo hivyo. Nimepiga magoti safu kwa safu, nimeng'oa vibeti vyote, ile mimea mifupi, kimoja kimoja, pamoja na mizizi, bila kumgusa jirani yake hata nywele. Sasa limesimama ngano ndefu tupu, limenyooka kama jeshi la Tsar siku ya gwaride, samahani, kama jeshi letu. Wewe mwenyewe utapita hapo usilijue.

Usidhani vibeti nimevitupa jalalani. Vilikuwa na masuke yaliyokaribia kuiva, na hilo ni mkate, hata kama ni mkate mfupi. Nimempelekea marehemu mke wangu Fedosya makaburini, nikavilaza juu ya kaburi lake ili shomoro wale, kama wanawake wanavyofanya na nafaka baada ya Pasaka. Fedosya alipenda ndege. Mimi alinivumilia.

Tsvirko amepita akaona. Alisimama muda mrefu. Akasema, "Babu, umeng'oa nini hapa?" Nikamwambia, "Aibu ya nyumba." Na kwa mara ya kwanza tangu aje, mtu yule alicheka. Alicheka vizuri kabisa, akanishika bega. Nadhani tumeanza kuelewana.

Nikifor Savvich, fundi.


Leningrad, 29 Julai 1937

Nikifor Savvich,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa.

Sasa ni lazima nikuandikie wazi kidogo. Wageni hawaji kutazama ngano ndefu. Wanakuja kuhesabu vibeti. Nimesema miaka yote hii kwamba kati ya wajukuu robo watakuwa wafupi hata kama udongo ni mzuri na mbolea ni tele. Wao wanasema nimebuni. Wakifika wakakuta robo, mimi ni mwanasayansi. Wasipoikuta, mimi ni mwongo niliyepoteza ardhi ya serikali, na mwaka huu mwongo wa namna hiyo haitwi mwongo. Anaitwa jina lingine. Lev Osipovich aliitwa hilo jina.

Wale wafupi ndio walikuwa mashahidi wangu, mzee wangu. Hawakuwa aibu ya nyumba.

Niambie kama mabua bado yapo. Niambie mashimo ya mizizi bado yanaonekana. Usiwape ndege chochote tena. Na usiisome barua hii dukani.

V.


Kamyshnaya, 2 Agosti 1937

Varvara Platonovna,

Nimekasirika, kwa hiyo naandika herufi kubwa.

Mtu anaandika "katika hali yake". Hali ya nani? Kama ulitaka vibeti vibaki si ungeandika vibeti vibaki? Maneno mawili. Mimi sijui kusoma kisichoandikwa. Nilisoma kwa shemasi majira mawili ya baridi, na shemasi mwenyewe alikuwa hasomi, alikuwa anakumbuka. Nilichoambiwa nimekifanya, na nimekifanya vizuri, na hakuna mtu katika wilaya hii angeweza kukifanya hivyo. Hilo silirudishi.

Basi.

Nimekwenda makaburini. Shomoro wamekula kiasi, lakini mabua yapo, na mizizi ina udongo wake. Nimeyatia yote kwenye gunia. Mashimo yapo pia. Mvua ile haikuyaziba, na kila mmea ulikuwa na nafasi yake, nilizipima mwenyewe kwa kamba, kwa hiyo pengo linaonekana kama jino lililong'oka.

Sasa sikiliza habari nyingine. Juzi Tsvirko alikuja nyumbani kwangu. Nyumbani, na chupa, na mpiga picha kutoka gazeti la mkoa. Akanikalisha chini ya dirisha, akanichania ndevu kwa kitana chake mwenyewe. Akasema, "Nikifor Savvich," si babu tena, "unakwenda kuwa profesa wa wananchi. Utapelekwa Moscow kwenye maonyesho. Utakaa jukwaani."

Nikamwambia nimestahili zamani.

Akatoa karatasi, akanisomea. Inasema mimi, mfanyakazi wa kituo, nimelilea shamba lile kwa mbolea na uangalizi wa kisayansi, na kwa sababu hiyo hakikuota humo hata kibeti kimoja. Mwisho kuna sentensi moja aliyoisoma haraka haraka, kwamba raia Rudneva amedanganya tangu siku ya kwanza.

Nikamwambia, "Lakini vibeti vilikuwepo. Wewe ulipita ukaona nimeving'oa."

Akamimina, akasema, "Fikiria vizuri. Kama havikuwepo, wewe ni profesa wa wananchi. Kama vilikuwepo, basi wewe umeng'oa mazao ya serikali wiki mbili kabla ya tume. Hilo nalo lina jina."

"Jina gani?"

"Hujuma," akasema, kama mtu anayekutajia bei ya viatu.

Chupa nilimwachia nusu, ujue hali yangu ilikuwaje. Nimemwambia nitafikiri. Si kwamba sijui la kufanya. Nimesema tu nitafikiri.

Picha imetoka. Nimepata nakala. Sijawahi kupigwa picha tangu jeshini. Ni picha nzuri sana, Varvara Platonovna, sijui nikwambie nini. Naonekana kama waziri.

Nikifor Savvich


Leningrad, 6 Agosti 1937

Nikifor Savvich, baba yangu,

Sijapewa ruhusa ya kusafiri. Tume inakuja bila mimi, kwa hiyo sitakuwepo kusema neno, na wewe usiseme kwa niaba yangu.

Weka sahihi.

Naandika hili wazi ili usiniambie tena kwamba huwezi kusoma kisichoandikwa: weka sahihi kwenye karatasi ya Tsvirko. Nenda Moscow, kaa jukwaani, kula chakula chao. Una binti yako Dunyasha, ana watoto. Hao hawana habari na ufupi wala urefu wa ngano.

Mimi nimekwisha kuandaa mkoba wangu. Soksi za sufu, sabuni, mswaki, kitambaa cha kichwa. Uko mlangoni. Katika jengo letu karibu kila nyumba ina mkoba mlangoni, na hakuna anayemuuliza jirani yake anasafiri kwenda wapi. Ngazi zikilia tunazima redio na kusikiliza viatu vinasimama ghorofa gani. Vikipita, tunaiwasha tena. Siku hizi ndiyo kazi yangu kubwa, kusikiliza viatu.

Niliogopa kukuandikia neno "vibeti", nikaandika "hali yake". Niliandika kwa ajili ya yule anayefungua barua kabla yako, nikakusahau wewe. Kwa hiyo usiubebe mzigo huu. Gunia lile lichome. Sahihi yako haitaniongezea wala kunipunguzia.

Picha hiyo nitafurahi kuiona gazetini. Kweli nitafurahi.

Varvara


Kamyshnaya, 12 Agosti 1937

Varvara Platonovna, mama,

Mara ya kwanza umeniita baba, na hapo hapo umeniagiza nifanye jambo la kipumbavu. Mabinti ndivyo walivyo.

Tume ilikuja juzi. Mwenyekiti mnene wa miwani, wenzake wawili, na mwanamke mmoja kijana, bwana shamba wa kike, miguu yake yote vumbi maana wengine walikuja kwa gari wakamsahau stesheni. Wamepita shambani. Mwenyekiti akasema, "Shamba zuri." Nikasema, "Kweli." Tsvirko akasimama juu ya sanduku akasoma ile karatasi mbele ya kituo kizima, kisha akanipa kalamu.

Nikasema, "Naomba unirudie pale paliposema havikuota."

Akarudia.

Nikasema, "Hayo ni matusi."

Mwenyekiti akauliza, "Matusi kwa nani, babu?"

"Kwangu. Nimepiga magoti hapa mpaka kiuno kimekuwa gogo, natoa vibeti katikati ya ngano iliyobeba bila kuvunja suke hata moja. Kazi ile haijapata kuonekana wilaya hii. Halafu huyu anaandika kwamba hapakuwa na cha kung'oa. Yaani mimi nilikuwa nimelala?"

Mmoja wao akacheka, kisha akakohoa ili ionekane alikuwa anakohoa.

Tsvirko akasema, "Mzee amelewa."

Nikasema, "Nimelewa kwa lipi? Chupa yenyewe ulirudi nayo nusu."

Hapo watu wa kituo walianza kutazama buti zao. Mama Ustinya alikuwa nyuma yangu, akaninong'oneza, "Nikifor, kaa kimya, mpumbavu we." Nikamwambia, "Ungekuwa unanisikiliza dukani usingehitaji kuninong'oneza." Nikaenda nyuma ya ghala nikarudi na gunia.

Nikaanza safu ya kwanza. Kila penye pengo nikasimamisha bua moja, mizizi kwenye shimo lake, nikabana kwa kidole gumba. Hakuna aliyenizuia. Nadhani walikuwa wanangoja mwenyekiti anizuie, na mwenyekiti alikuwa anangoja kujua ni nani atakayelaumiwa akinizuia. Jua lilikuwa kali. Zilisikika buti za Tsvirko tu. Nikawa naweka: warefu, warefu, kisha mfupi. Warefu, kisha wafupi wawili pamoja, ndivyo walivyokuwa, sikuwapanga mimi.

Yule mwanamke kijana alikuwa ananifuata pembeni. Midomo yake ilikuwa inacheza, bila sauti. Safu ilipokwisha alikuwa mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Mwenyekiti akamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Sikuwa nikihesabu." Lakini alikuwa amehesabu, Varvara Platonovna. Nilimwona. Nami nilihesabu. Ni robo.

Kisha wakaniuliza. Mwenyekiti aliuliza jambo moja tu, akaligeuza kila upande: "Ni Rudneva aliyekuagiza ung'oe? Alikuandikia? Alikutumia salamu?" Hapo nikaelewa walikuwa wanatafuta nini. Walitaka iwe wewe uliyeharibu shamba ili robo ile isihesabiwe.

Nikamwambia, "Ndugu mwenyekiti, hajazaliwa mwanamke wa kuniagiza mimi. Fedosya alijaribu tangu harusi mpaka kaburini, akashindwa. Nimeng'oa kwa akili yangu mwenyewe, na ilikuwa akili mbovu, lakini mikono ilikuwa mizuri. Andika hivyo."

Wakaandika. Sahihi hiyo ndiyo nimeweka. Mwenyekiti aliingia garini bila kumpa Tsvirko mkono. Yule mwanamke alirudi stesheni kwa miguu.

Barua zako nimewashia jiko. Ile niliyoisoma dukani, nimekwenda kwa kila aliyekuwa kwenye foleni, nikamuuliza anakumbuka nini. Wote wamesahau. Ustinya amesema hata foleni yenyewe haikuwepo.

Mabua karibu yote tume imeyachukua. Lakini yale ambayo shomoro hawakuyagusa, yenye masuke kamili, sikuwapa. Nimeyafunga uzi na kuyaingiza juu, chini ya kipaa, lile paa dogo la mbao juu ya msalaba wa Fedosya, ndege hawafiki na mvua haifiki. Kipaa hicho nilikichonga mwenyewe, unajua ubora wake.

Naandika hii dirishani. Gari la wilayani limekuja asubuhi hii. Dereva ameuliza nyumba yangu na Tsvirko amemwonyesha kwa kidole. Sasa limekwama kwenye tope la kisima, pale pale kila mgeni anapokwama, na vijana wetu wote kwa bahati mbaya wako mbali wanavuna, hakuna wa kusukuma. Kwa hiyo nina nafasi ya kumaliza. Dunyasha atakuletea hii kwa mtu, si kwa posta.

Nachukua koti la Lev Osipovich. Ni zuri kwa huko. Nikimkuta nitamvua, nikimaanisha nitalivua nimpe. Nitamwambia panya hawakuligusa kwa sababu nililala nalo.

Picha nakupelekea. Mimi najijua nilivyo.

Naogopa kidogo. Hilo usilisome dukani.

Wamelitoa gari.

Nikifor Savvich Chebotar


Kamyshnaya, 3 Agosti 1938

Nikifor Savvich, baba,

Barua zangu zote kwako zimerudi, zina muhuri ambao hausomeki. Naandika tena. Wakati huu naandika wazi, kila kitu kwa jina lake.

Mimi sikukamatwa. Nilifukuzwa kazi tu, na sijui kwa nini iliishia hapo. Mkoba ulibaki mlangoni. Majira ya baridi nilipanga chupa kwenye duka la dawa, na bado nilikuwa nasikiliza viatu. Mwezi wa nne niliuchoka mlango ule, nikapanda treni kuja huku. Nilidhani hakuna atakayenifungulia. Dunyasha alifungua kabla sijabisha, akasema, "Ingia upesi, supu inapoa," kana kwamba nilikwenda kisimani nikachelewa.

Tsvirko hayupo tena. Alikuja mwenye gari akauliza nyumba yake. Hakuna aliyefurahi. Watu walifunga madirisha kama walivyofunga siku yako.

Masuke niliyakuta chini ya kipaa, makavu, hakuna hata punje iliyooza. Kipaa ni kizuri sana. Ulikuwa na haki ya kujisifu. Nimepanda punje zote nyuma ya nyumba ya Dunyasha, kati ya kabichi, mahali ambapo anayepita barabarani haoni. Kijiji kizima kinajua na hakuna aliyeniuliza ninapanda nini. Mama Ustinya ameleta samadi ya ng'ombe wake mwenyewe, akasema ni kwa ajili ya kabichi.

Nimefanya kama walivyotaka. Nimeilisha ngano hiyo kuliko nilivyopata kulisha mmea wowote. Mbolea, maji, palizi, jua la asubuhi. Leo imeiva, na nimeipima na Dunyasha ameshika upande wa pili wa kamba yako.

Wote ni wafupi, Nikifor Savvich. Hakuna hata mmoja aliyerefuka ili kumpendeza mtu. Nilijua itakuwa hivyo, mbegu ya mfupi haina urefu uliojificha ndani yake, nimelifundisha jambo hilo tangu ujana, na bado nimekaa chini kati ya kabichi nikalia mpaka watoto wa Dunyasha wakaja kutazama.

Nakuwekea mbegu. Picha yako iko ukutani, Dunyasha ameitilia fremu. Unaonekana kama waziri.

Na wewe unayefungua barua hii kabla yake: hakuna lililofichwa humu, usijisumbue kuishikilia kwenye taa. Mtafute tu mwenyewe uisome mbele yake. Ni mzee mfupi, labda amevaa koti la manyoya ndani ambalo si lake, au amekwisha kumpa mwenyewe. Ukiwasomea wazee wengi na mmoja akakukatiza kila mstari kueleza kwamba bila yeye lisingewezekana, usiendelee kutafuta. Ndiye huyo. Msomee mpaka mwisho.

Varvara Rudneva